Kuanzia Mkate Mpaka Kaka

Mdogo wake alimnyang'anya kiti cha chumba cha mashuka. Hakumnyang'anya kwa ngumi wala kwa uchawi. Alimnyang'anya kwa kamusi, Jumapili mchana, huku akinywa chai na kumwita dada. Hilo lisemwe mwanzo, lieleweke, maana wapo wanaosema mambo yalitokea tu. Hayakutokea tu.

Aliyenyang'anywa ni mwanamke wa makamo, mpiga pasi wa hoteli, ambaye wenzake walimwita Mama Pasi ingawa hakuwa na mtoto wa kumzaa. Mtoto aliyekuwa naye ni huyo mdogo wake. Mama yao alipoanguka kitandani asiinuke tena, ilibidi binti mmoja abaki nyumbani kumgeuza na kumlisha, na mwingine avae sare aende shule. Hakuna aliyeitisha kikao. Mkubwa alibaki, mdogo akaenda. Jioni mdogo alirudi na wino vidoleni, na mkubwa akamfulia sare, akainyoosha kwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo ya sketi ikasimama kama ubao. Hapo ndipo alipoipata kazi yake. Kwa hiyo shule ya mdogo ndiyo iliyomfanya dada mpiga pasi, na shule hiyo hiyo ndiyo iliyomrudia baadaye ikampiga kofi.

Chumba cha kufulia cha hoteli kilikuwa nyuma kabisa, ubavuni mwa boila, mahali ambapo wageni hawafiki. Mvuke ulijaa humo mpaka mtu akiingia unamwona miguu kwanza. Wafuaji wengi hawakujua kusoma namba za milango, na Bibi Funguo, msimamizi wa mashuka, alikuwa ameweka utaratibu wake zamani: kila chumba kilipewa uzi wa rangi yake, ukashonwa kwenye pindo la kila kitambaa cha chumba hicho. Shuka la chini, shuka la juu, foronya, taulo, vyote uzi mmoja. Kwenye kamba vilianikwa pamoja, kwenye meza ya pasi vilikuja pamoja, kabatini vililala pamoja. Ukiona foronya, jua shuka lake haliko mbali. Mama Pasi aliishi ndani ya utaratibu huo mpaka ukamwingia kwenye damu. Kwake, vitu vilivyowekwa pamoja vilikuwa vya nyumba moja. Angewaza vinginevyo kwa lipi?

Siku miguu ya Bibi Funguo ilipogoma kupanda ngazi, alisema anapumzika. Meneja akashuka chini, leso puani kwa sababu ya harufu ya sabuni, akawakusanya.

"Kiti cha bibi nataka kumpa mtu wa humu humu," alisema. "Ila siku hizi wageni wanashuka wenyewe kulalamika. Nataka mtu atakayewajibu kwa Kiingereza. Nitawapima. Akikosekana humu, nachukua wa nje."

Watu wote wakamgeukia Mama Pasi. Fundi wa boila, mtu wa mizaha ambaye mikono yake haikupata kutakata, alimwambia, "Kiti chako hicho. Kimebaki ulimi tu."

"Ulimi ninao."

"Unao, tena mrefu. Hauna Kiingereza."

"Ninaye wa kunifundisha," alijibu Mama Pasi, na akajisikia fahari kusema hivyo mbele za watu. Mdogo wake alikuwa msomi. Wakati ule alikuwa nyumbani, maana ofisi alikokuwa karani ilifungwa, naye akarudi kulala chumba cha ndani kwa dada yake, simu mkononi kuanzia asubuhi.

Jioni hiyo alimkuta kajilaza.

"Mdogo wangu, nataka Kiingereza."

"Cha nini, dada? Umepata mchumba mzungu?"

"Nataka kiti cha Bibi Funguo."

Mdogo mtu akanyanyua macho. Baadaye Mama Pasi alikuja kukumbuka kwamba yalinyanyuka haraka kuliko yalivyonyanyuka akiitwa kula. "Kiti gani hicho? Anafanya nini hasa huyo bibi?"

Mama Pasi akamweleza yote, na maneno ya meneja akayarudia neno kwa neno, hata lile la kuchukua mtu wa nje. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa anazungumza na mdogo wake.

"Basi tufanye hivi," mdogo alisema. "Mimi nakufundisha Kiingereza, wewe unanisimulia kazi. Nikiijua kazi yako ndipo nitajua maneno gani yakufae."

Maneno hayo yalikuwa na akili. Hata leo ukiyasikia yana akili.

Kamusi ilikuwa zawadi ya mdogo ya kumaliza shule, kubwa, nzito kama tofali. Kwa miaka ilikuwa imeegemeza mguu mfupi wa kitanda, na uti wake ulikuwa umevunjika mahali pamoja, kwa hiyo ukiiweka mezani ilijifungua yenyewe palepale. Jumapili ya kwanza ilijifungua, na mdogo hakuhangaika kugeuza ukurasa. Aliweka kidole juu, akaanza kushuka.

"Mkate," alisema, na kulitamka kwa Kiingereza. Mama Pasi akalirudia. "Vunja." Akalirudia. "Chai ya asubuhi."

Mama Pasi akacheka kwa furaha. Mkate, kisha kuumega, kisha chai ya asubuhi. Kumbe kitabu kina akili ya mtu wa nyumbani. Alikuwa amekiogopa bure maisha yake yote, kumbe kimepangwa kama kabati la Bibi Funguo, kila kitu na nduguye.

"Ndivyo kilivyopangwa?" aliuliza. "Vya nyumba moja vinakaa pamoja?"

"Ee, ndivyo," alisema mdogo, na macho yalikuwa kwenye simu.

Hapo ndipo. Ukitaka kujua ni wapi hasa, ni hapo.

Kilichofuata kilizidi kumhakikishia. Titi, pumzi, upepo mwanana: mtoto ananyonya, anahema, anapepewa. Hata sauti zao zilifanana. Yote yalianza kwa midomo kubana, kisha ulimi ukatetemeka, kama watoto wa mama mmoja wanavyofanana pua. Mama Pasi hakuwa na daftari wala kalamu. Alichokuwa nacho ni kichwa na kamba za kuanikia. Akianika shuka alibana na neno lake, akianika foronya alibana na neno la pili, na akifika mwisho wa kamba alirudi kuyasoma yote kwa kuyagusa. Wafuaji wenzake walimpita na ndoo zao wakimcheka.

"Mama Pasi anasalimiana na nguo."

"Zinanijibu," aliwaambia, "kuliko nyie."

Jumapili iliyofuata yakaja magumu. Rushwa. Tofali. Bibi harusi. Bwana harusi. Daraja. Alishika pasi akiyawaza mpaka nusura aunguze kola ya mgeni. Rushwa na tofali vimejuana wapi? Aliwaza, akapata njia: mtu ametoa rushwa, amepata tofali, amejenga, sasa anaoa. Bibi harusi analetwa, na nyumba ya mume iko ng'ambo, kwa hiyo daraja. Ilikaa sawa. Ilikaa sawa kiasi kwamba alimsimulia fundi wa boila kama kisa cha watu anaowajua, na fundi akauliza huyo bwana alimhonga nani.

"Kitabu hakijasema," Mama Pasi alijibu. "Labda mbele."

Na yeye alilipa. Kila Jumapili, kamusi ikifungwa, zamu yake ilianza, na hapo mdogo alikuwa akiweka simu kifudifudi. Mama Pasi alimwambia shuka jipya lisipelekwe kitandani kabla ya kulowekwa, litamkwaruza mgeni. Alimwambia foronya mdomo wake uelekee mbali na mlango, anayeingia asione mto ukimtazama. Alimwambia doa la chai na doa la mvinyo si mtu mmoja, usiyaogeshe beseni moja.

"Na damu?" mdogo aliuliza.

"Damu haitaki maji moto. Ukiipa maji moto inajikaribisha, inakaa kama mwenye nyumba. Maji baridi na chumvi, tena mapema."

"Rudia hapo pa damu, dada."

Akarudia. Alifurahi kwamba kuna kitu anakijua ambacho msomi anataka kukisikia. Ukimnyima mtu sifa miaka mingi, tone moja linamlewesha.

Walipofika chini ya ukurasa, akachanganyikiwa kabisa. Kung'aa. Leta. Pana. Iliyovunjika. Ufagio. Kaka. Aliyapanga kila namna. Kuna kitu kinang'aa, kimeletwa, ni kipana, kimevunjika, ufagio unakusanya vipande. Hapo sawa. Lakini kaka? Kaka anatafuta nini pembeni ya ufagio? Ni nyumba gani hiyo anakofagia kaka na dada yupo?

"Na dada yuko wapi?" aliuliza. "Sista. Neno lenyewe nalijua, hata hospitali wapo. Nauliza mbona hakai na kaka yake."

"Hayupo hapa. Yuko mbali, huko nyuma ya kitabu."

"Amefanya nini?"

"Nani?"

"Dada. Mpaka akatolewa kwenye nyumba, na kaka akaachiwa ufagio."

Mdogo mtu alicheka mpaka chai ikampalia, akajifuta macho na kanga ya dada yake. "Hajafanya kitu. Kitabu ndivyo kilivyo."

"Tutamfikia lini?"

"Tutamfikia tu."

Hawakumfikia. Jumapili zilizofuata mdogo alisema lazima yaliyosomwa yaimarike kwanza, na kamusi ikajifungua palepale, mkate mpaka kaka, mkate mpaka kaka, mpaka Mama Pasi akawa anauota ukurasa ule umetundikwa kwenye kamba na kudondosha maji. Alijua hauwezi kuwa Kiingereza chote. Kitabu kilikuwa kinene, na macho ya kuona unene alikuwa nayo. Ila alidhani ukurasa ule ndio mlango, na mwenye kufunguliwa mlango ataingia.

Kesho yake ikiwa ni kupimwa, aliuliza swali moja la mwisho. "Nikisahau neno nifanyeje?"

Mdogo alikuwa anapaka rangi kucha, anazipuliza. "Chukua la jirani yake. Si mwenyewe umesema yanakaa pamoja?"

Asubuhi Mama Pasi alivaa gauni lake la kijani, akawahi. Nje ya ofisi ya meneja palikuwa na benchi, na juu ya benchi amekaa mdogo wake. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe. Blauzi hiyo Mama Pasi aliipiga pasi mwenyewe jana yake, mikono kwanza, kisha kola, bila kuuliza inakwenda wapi.

"Umekuja kunisindikiza?"

"Nimekuja tu, dada."

Alikaa pembeni yake. Aliona moyo umemtulia, kwa kuwa ana ndugu karibu. Mambo ya kuchekesha ni mengi duniani, na hilo limo.

Ndani alimkuta meneja mezani, na Bibi Funguo kwenye kiti cha pembeni, shada la funguo mapajani. Meneja alimwambia kwa upole kwamba kazi yenyewe hana haja ya kumuuliza, kila mtu anajua anaijua. "Mimi sasa ni mgeni," alisema. "Nimeshuka chini nimekasirika. Nisikilize." Akasema sentensi ndefu ya Kiingereza.

Mama Pasi alisikiliza kama mtu anayetafuta uzi wa rangi kwenye rundo la nguo nyeupe. Ikapita nyeupe, nyeupe, nyeupe, kisha ghafla uzi: leta. Alilisikia wazi kabisa, midomo ikabana, ulimi ukatetemeka. Mgeni anataka kuletewa. Kuletewa nini? Huko mbele ya sentensi hakukuwa na uzi mwingine. Akakumbuka aliyoambiwa: chukua la jirani. Majirani wa leta anawajua hata gizani. Pana, hakiletwi. Iliyovunjika, nani aletewe kilichovunjika? Akabakiwa na ufagio. Na ufagio ulikuwa koridoni, alikuwa ameuona.

"Sawa," alisema, akatoka. Alimpita mdogo wake kwenye benchi, akauchukua ufagio uliokuwa umeegemezwa ukutani, akampita tena akirudi. Mdogo aliuona ufagio. Lazima aliuona. Akainamisha macho kwenye kucha zake.

Mama Pasi aliuweka ufagio mbele ya meza, akalitamka jina lake kwa Kiingereza, vizuri, kama alivyofundishwa.

Meneja hakucheka mara moja. Alijitahidi, sifa hiyo apewe. Bibi Funguo alitazama dirishani.

"Mama," meneja alisema, "mgeni amesema aletewe mtu wa kumsikiliza. Ameomba mtu. Wewe umemletea ufagio."

Hapo ndipo kicheko kilipomtoka, naye akaomba radhi, kikamtoka tena.

Mama Pasi alirudi kwenye benchi na ufagio wake, maana hakuna aliyemwambia auache. Mdogo akaitwa. Mlango haukufungwa vizuri. Kwanza kilisikika Kiingereza, cha meneja na cha mdogo, kinakwenda na kurudi bila kukwama, na Mama Pasi akajikuta anakitafutia nyuzi humo: chai ya asubuhi, leta, hapana, kimepita. Kisha meneja akahamia Kiswahili, akauliza kuhusu kazi.

"Doa la damu?"

"Damu haitaki maji moto," ilisema sauti ya mdogo wake. "Ukiipa maji moto inajikaribisha, inakaa kama mwenye nyumba."

"Hee," alisema meneja. "Huyu kafundwa."

Mama Pasi alikaa ameshika ufagio, anasikiliza maneno yake yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, kwa mpangilio uleule, mpaka foronya na mlango. Hakuelewa. Si kwamba alikuwa mjinga, aliyasikia. Ila kuna jambo ukilisikia linachukua muda mrefu kutoka sikioni mpaka mahali pa kuelewa, na njiani linasimama simama, linauliza njia. Aliwaza: labda anajaribiwa tu. Labda anataka kunisemea. Labda meneja kamuuliza, naye angejibuje? Alikuwa bado anawaza mlango ulipofunguliwa na Bibi Funguo akatoka akichechemea, mikono mitupu, kiuno kimya, funguo zimebaki ndani.

Ni fundi wa boila aliyemweleza habari ya kitabu, jioni ileile, walipokuwa wanasubiri boila ipoe. Alimsikiliza mpaka mwisho, na safari hiyo hakufanya mzaha.

"Mama Pasi, yale maneno hayajuani," alisema. "Yamepangwa kwa herufi, kwa sauti inayoanza. Ni kama wangetupanga sisi kwa majina. Mimi ningesimama na mtu nisiyemjua hata kwao, kwa sababu tu jina lake linaanza kama langu."

"Rushwa na tofali?"

"Hayajuani."

"Bibi harusi na daraja?"

"Hawajawahi kuonana."

"Na mkate na chai ya asubuhi? Hayo yanajuana, nimeyaona."

Fundi alikuna kichwa kwa mkono wa masizi. "Hayo yamekutana tu."

Ikamchanganya zaidi. Kama yote hayajuani angeelewa. Kama yote ni ndugu angeelewa. Kitabu gani hiki, ambamo wengine ni ndugu na wengine wamesimama tu jirani, wote wana pua moja, na hakuna alama ya kukuonyesha nani ni nani?

Nyumbani alimkuta mdogo wake jikoni anachemsha maji ya chai, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Kwa nini hukuniambia yamepangwa kwa herufi?"

"Hukuuliza, dada."

"Niliuliza. Nilikuuliza kama vya nyumba moja vinakaa pamoja. Ukasema ee."

"Nilisema ee?" Mdogo mtu alionekana anatafuta kweli kichwani. "Basi sikusikia vizuri. Dada, mimi nilikufundisha. Tungejuaje meneja atauliza nini? Na ungepata wewe, ningefurahi. Nimepata mimi, si nyumba ni ileile?"

Mama Pasi alitazama uso ule aliouosha makamasi, akashindwa kuusoma, kama alivyoshindwa kusoma kila kitu kingine. Labda alikula njama tangu Jumapili ya kwanza. Labda alikuwa mvivu tu, na njama ikamjia katikati. Labda kweli hakusikia. Kila alipopata jibu moja, la jirani yake lilisimama pembeni likimwangalia.

Nyumba haikuwa ileile kwa muda mrefu. Mdogo alihamia chumba karibu na hoteli, akachukua blauzi zake na birika. Kamusi aliiacha. Alisema haihitaji. Ipo mpaka leo chini ya mguu mfupi wa kitanda, na mwenye macho ya kuisoma kaondoka.

Mama Pasi bado anapiga pasi. Mdogo wake hushuka na shada la funguo likilia, anasimama mlangoni penye mvuke, na wageni wakiwa nyuma yake humwambia kwa Kiingereza neno moja katika yale yote aliyomfundisha: leta. Mama Pasi hupeleka. Analielewa, amelisomea. Na mbele ya wageni, na hata wasipokuwepo, mdogo humwita Mama Pasi kama wanavyomwita wengine.

Watu wamemshauri asamehe. Fundi wa boila amejitolea kumsomea kitabu, akamshukuru, akakataa. Si deni la fundi. Anayedaiwa ni mdogo wake, yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, simu ikiwa kifudifudi. Anadaiwa kurasa zote zilizo kabla ya mkate na zote zilizo baada ya kaka. Anadaiwa jibu la kweli la swali la jikoni, hata kama ni baya. Na kabla ya hayo yote anadaiwa lile neno alilosema liko mbali, huko nyuma ya kitabu, wasilolifikia: dada. Aanze na hilo. Mengine yatangoja.